Mgeni Anaondoka Alhamisi: Mwongozo wa Siku za Mwisho kwa Familia za Tanga Zinazokaa na Wanafunzi wa Kiswahili

Tanga tuna msemo wetu, "waja leo waondoka leo". Mwanafunzi wa kigeni anayekuja kukaa nyumbani kwako hayumo katika msemo huo. Anafika katikati ya mwezi wa sita na begi kubwa na shikamoo ya kujikongoja, anakaa wiki sita au nane, anafika mahali pa kujua ndoo ya nani ni ipi na mlango gani haufungi mpaka uuinue, halafu siku moja ya mwezi wa nane unaambiwa anaondoka Alhamisi. Kwao ni kiangazi, likizo ndefu ya vyuo. Kwetu ni kipupwe, kusi linavuma na maji ya kuoga yanachemshwa.

Nimekaa na wanafunzi hawa miaka kadhaa hapa Ngamiani, na kila ukianza mwezi wa nane napigiwa simu na kina mama waliopokea mgeni kwa mara ya kwanza. Maswali ni yale yale. Nimpe zawadi gani? Kilo ishirini na tatu ndiyo nini? Nifanye sherehe? Mbona amenuna, nimemkosea? Nimeandika hapa ili anayenipigia nimwambie asome kwanza, tukutane kwa yaliyobaki.

Ninalosisitiza ni kwamba mizigo, fundi, laini ya simu na zawadi vimalizike mapema, ili siku mbili za mwisho mgeni awe barazani kwenu mnazungumza. Kilichomleta ni Kiswahili. Nimeona nyumba ambazo siku hizo mbili zote ziliishia kwenye kupambana na zipu ya begi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tarehe na saa ya ndege, na ya basi, umeziona wewe mwenyewe kwenye tiketi. Usitegemee kuambiwa kwa mdomo.
- Namba ya mratibu wa programu ya masomo iliyomleta mgeni, na ya mtu wa pili iwapo wa kwanza hapatikani.
- Mizani. Kama huna, mwenye duka la nafaka anayo. Zungumza naye mapema.
- Kanga kuukuu mbili tatu za kufungia vitu vinavyovunjika.
- Daftari moja jipya. Kazi yake utaiona mbele.

Hatua ya 1: Kaeni chini mpange siku (siku kumi kabla)

Mwite baada ya chakula cha usiku, chukueni karatasi, andikeni siku zote zilizobaki. Weka kwanza mambo ya programu: mitihani, maonyesho ya wanafunzi, hafla ya kuagana chuoni. Halafu weka safari. Kinachobaki ndicho chenu, na mara nyingi ni kidogo kuliko mlivyodhani.

Hapa kuna mtego wa saa, na mimi ulininasa. Mwaka mmoja binti yangu wa Kimarekani aliniambia basi lake ni "saa tisa". Nikapika taratibu. Kumbe tiketi ilisomeka 09:00, yaani saa tatu asubuhi, naye alikuwa ameisoma namba kama ilivyo. Tulifika stendi basi limeshaondoka, tukalipa tiketi nyingine. Wiki nane za darasani hazimwondolei mtu saa za kwao kichwani, hasa akiwa na haraka.

Mtego wa pili ni ndege za usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa tarehe 14, saa 03:40, maana yake ni saa tisa na dakika arobaini za usiku wa kuamkia tarehe 14. Mgeni anatakiwa uwanjani usiku wa tarehe 13. Ukimsafirisha kutoka Tanga tarehe 14 asubuhi, ndege iko angani zamani.

Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita kama 350 kupitia Segera na Chalinze, saa sita hivi barabara ikiwa nyeupe, na basi linaishia Stendi ya Magufuli kule Mbezi. Kutoka Mbezi hadi uwanja wa ndege ni foleni nyingine. Kwa hiyo mimi siruhusu safari ya siku moja; mtoto aondoke siku moja kabla, alale Dar. Wiki ya Nane Nane tiketi zikatwe mapema zaidi, mabasi yanajaa. Akienda kwa ndege ndogo za hapa Tanga, kumbuka nyingi huchukua kilo 15 tu za mzigo, hata kama ndege kubwa inamruhusu zaidi.

Angalieni pia tarehe ya viza kwenye pasipoti. Viza ya kawaida ya matembezi haizidi siku 90, na wapo wanaopanga kuongeza wiki ya Unguja bila kuhesabu.

Hatua ya 2: Nyumba iandaliwe kwa mtihani

Programu nyingi za Wamarekani humalizia kwa mtihani wa mazungumzo. Mtahini hupiga simu kutoka mbali, wanaongea kati ya dakika 15 na 30, na mwanafunzi anapangwa kwenye ngazi: anayeanza, wa kati, wa juu, na kuendelea. Hauna majibu ya kukariri. Mtahini hupandisha maswali kidogo kidogo mpaka mwanafunzi aishiwe maneno, kwa sababu anatafuta kikomo chake kiko wapi.

Hilo la kikomo lijue vizuri, maana litakusaidia jioni ile. Karibu kila mwanafunzi hutoka kwenye mtihani huu uso umemshuka, anasema "Mama, nimeshindwa." Mtihani umetengenezwa ili umalizike hapo anaposhindwa. Mpe chai.

Wiki hiyo msaidie hivi. Jioni mwache asimulie kitu kilichompata, mwanzo hadi mwisho, bila kukatizwa. Usimsahihishe kila ngeli. Acha amalize kisha rekebisha mawili. Mwekeeni igizo: wewe ni kondakta, yeye amepoteza begi. Watoto wangu hulipenda hili kuliko televisheni, na mdogo wangu wa kiume akiwa kondakta hakuna mgeni anayelipata begi lake bila jasho. Siku ya mtihani redio izimwe, na anayetwanga akatwangie kwa jirani.

Hatua ya 3: Fundi, laini na hela ndogondogo

Kitambaa kiende kwa fundi wiki mbili kabla, yaani hata kabla ya kikao cha Hatua ya 1. Fundi akikwambia Ijumaa, wewe hesabu Jumatatu. Ukihesabu Ijumaa utalala kwenye benchi lake. Mgeni aijaribu nguo angalau siku tatu kabla ya safari, kwa sababu mikono lazima itabana.

Laini ya simu imesajiliwa kwa pasipoti yake na alama za vidole vyake. Akiondoka, usimrithishe kijana wako. Ikitokea jambo, jina linalosomeka si la kijana wako. Hela iliyomo kwenye simu atoe yote kabla ya siku ya mwisho, kwa mikono yake na namba yake ya siri. Usikubali kupewa namba hiyo hata akikuamini kiasi gani. Ikipungua mia tano tu, urafiki unaingia doa.

Amalize madeni ya mtaani: genge, dereva wa bajaji wake, mama wa vitumbua. Wapo wageni wanaodhani vitumbua vya kila asubuhi vilikuwa bure, na mama wa vitumbua ana haya ya kudai.

Akitaka kukuachia dola, pokea kwa moyo mweupe, ila tazama noti. Zilizochapishwa kabla ya 2006, zilizochanika au zenye mihuri na maandishi mara nyingi hukataliwa kubadilishwa.

Hatua ya 4: Zawadi

Zawadi nzuri ni nyepesi, haivunjiki, haimwagiki na inatumika. Doti ya kanga ina sifa zote. Kikoi pia, au kofia ya kufumwa kwa mkono. Kwa upande wa chakula, viungo vikavu vya kutoka Amani na Muheza: iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Vikaushe sawasawa, vifunge kwenye kopo lenye mfuniko mgumu.

Kanga isome jina lake kabla hujalipa! Mimi nilinunua harakaharaka kwa kupenda rangi, nikamkabidhi binti mbele ya wageni siku ya kumuaga. Naye, mwanafunzi hodari, akaikunjua na kusoma kwa sauti ya darasani: "Mtasema mchana usiku mtalala." Wifi yangu alikuwa amekaa pale pale, na wiki ile tulikuwa hatusemi. Hadi leo anaamini nilipanga. Chagua "Wema hauozi" na mfano wa hayo, uishi kwa amani.

Visivyofaa kuingia begini:

- Makombe, matumbawe na magamba ya kasa. Ufukweni yanaokotwa kama mchezo, uwanjani yanazaa kesi. Watoto wakimpa makombe kumi kwa upendo, yapigwe picha yabaki.
- Matunda mabichi, nyama, maziwa na jibini. Kwao hunyang'anywa mlangoni. Mwambie mgeni pia kwamba chakula chochote alichobeba, hata viungo, akitaje kwenye fomu akiulizwa. Anayeficha ndiye anayetozwa faini.
- Mafuta ya nazi kwenye chupa ya maji. Kosa hili ni langu. Tanga yalikuwa yametulia, njiani mfuniko ukalegea, na kijana alifika kwao na nguo zote zinanukia kama wali. Aliandika kwamba mama yake alicheka. Nguo hazikucheka.

Mbuzi ya kukunia nazi inawezekana, nimeshaipeleka mara mbili, ila ule ulimi wa chuma lazima ufungwe kwa kitambaa kinene na mbuzi mzima aende kwenye begi kubwa. Kwenye begi la mkononi wataichukua, na itakubidi ueleze mbuzi ni mnyama gani.

Hatua ya 5: Pima mzigo siku tatu kabla

Ndege nyingi za kimataifa huruhusu kilo 23 kwa begi. Wengine begi moja, wengine mawili. Asome tiketi yake. Beba begi likiwa limejaa kabisa, pamoja na zawadi, mpaka kwenye mizani ya duka. Likisoma 23 kamili bado limezidi, kwa sababu kuna nguo za siku tatu na kanga ambazo shangazi hajazileta. Lenga 20.

Kuna kina mama wanaoleta zawadi saa ya mwisho, begi likiwa limefungwa na bajaji inaunguruma nje. Watangazie mtaani: mwisho wa kupokea ni siku mbili kabla. Utaonekana mkali. Vumilia.

Hatua ya 6: Daftari

Kaa naye jikoni mara mbili wiki hiyo, apike yeye, wewe ukae kwenye kigoda. Aandike kwa Kiswahili, kwa mkono wake, vyakula vitatu anavyovipenda. Mwache aandike maneno yako hasa: "weka chumvi ya kukadiria", "acha kitoe povu". Kisha msaidie kufikiria jikoni kwao: tui la kopo badala ya nazi ya kukuna, oveni badala ya makaa juu na chini. Ukurasa wa mwisho kila mtu wa nyumba aandike mstari mmoja. Bibi asiyejua kuandika aseme, mtoto aandike vile vile alivyosema.

Picha ni vizuri zaidi kusafisha mbili tatu studio na kuzibandika humo. Za kwenye simu hupotea na simu.

Hatua ya 7: Kuaga mtaa

Hili watu huliacha hadi asubuhi ya safari, halafu linakimbizwa. Litenge jioni moja nzima, baada ya alasiri. Mpitishe nyumba kwa nyumba, mwenyewe aseme: "Nimekuja kuaga, naondoka keshokutwa. Naomba radhi kama niliwakosea." Mfundishe sentensi hiyo ya radhi, maana kwao haipo namna hiyo, na wazee wa mtaa wakiisikia watasahau siku zote alizopita bila kuamkia.

Wewe tembea naye, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni maombi. Yupo jirani atakayemvuta pembeni amtafutie mdhamini wa mtoto, au simu, au mwaliko. Mgeni hajui kukataa kwa Kiswahili, ataitikia "sawa", na "sawa" hiyo utadaiwa wewe mwezi wa kumi na mbili. Jibu wewe kwa utani: "Huyu bado anasomeshwa na wazazi, mwacheni amalize." Ya pili ni chai. Nyumba kumi ni vikombe kumi, aonje tu.

Safari ndefu usizipange hapa. Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, kuogelea Raskazone, vyote vilikuwa na wiki saba. Kama hajafika Amboni, ni jirani tu, kilomita nane hivi, nendeni asubuhi mrudi kabla ya mchana. Pangani iachwe.

Hatua ya 8: Karamu

Ndogo. Pilau, kachumbari, juisi ya ukwaju, inatosha. Kama mgeni hali nyama, pilau yake ipikwe pembeni tangu mwanzo. Kumtolea vipande vya nyama kwenye sahani si kumpikia. Isigongane na hafla ya programu, na isiwe usiku wa kuamkia safari. Kosa baya kuliko yote ni kumpa mgeni orodha ya sokoni alipie. Kama hela haipo, chai na vitumbua, na dua ya msafiri au sala kulingana na nyumba. Hotuba moja tu. Na yeye aseme, hata dakika mbili, kwa Kiswahili, marafiki zake wa programu wawepo au wasiwepo.

Hatua ya 9: Kange, stendi ya mabasi

Mfike nusu saa kabla. Wapiga debe watadaka begi. We likamate mpaka kwenye buti la basi lenyewe, uone likiingia, upewe kipande cha namba. Pasipoti, dawa, tiketi na hela vikae kwenye mkoba wa kifuani, visiingie kwenye buti. Mfungie mkate wa kumimina na maji. Kama anameza dawa ya kinga ya malaria, mkumbushe asiache siku ya kupanda ndege: kuna zinazoendelea siku 7 baada ya kuondoka na kuna zinazoendelea wiki 4, afuate alivyoandikiwa.

Kulia kupo. Mimi nilikuwa najizuia nikidhani namwonea huruma, nimeacha kujizuia.

Pakikwama

*Amenuna, hatoki chumbani, anaongea Kiingereza na wenzake kwenye simu usiku kucha.* Hujamkosea. Wengi hujitoa mapema ili kuondoka kusiume. Usimhoji. Mpe kazi: kachambue mchele, kamchukue mtoto madrasa. Maneno yatarudi yenyewe akiwa na mchele mbele yake.

*Begi limezidi asubuhi ya safari.* Toa viatu na vitabu kwanza, ndivyo vizito. Nzito avae: viatu vikubwa mguuni, koti mkononi. Kanga zisitolewe.

*Ana homa wiki ya mwisho.* Apimwe malaria siku hiyo hiyo, mratibu aambiwe. Usimpe dawa mseto iliyobaki kabatini. Akipata homa akiwa ameshafika kwao, hata baada ya wiki kadhaa, amwambie daktari kwamba alikuwa Tanga, eneo la malaria. Kule daktari anaweza kudhani ni mafua.

*Anataka kukuachia dawa zake zote.* Hapana. Nguo, vitabu, chandarua sawa.

*Watoto hawali tangu ameondoka.* Pigeni simu, lakini angalieni saa. Mwezi wa nane New York iko nyuma yetu kwa saa saba. Ukimpigia saa mbili asubuhi, kwake ni saa saba ya usiku. Saa mbili usiku ya kwetu ndiyo nzuri, kule ni saa saba mchana. Kuanzia mwezi wa kumi na moja ongeza saa moja ya tofauti.

*Amesahau kitu.* Atakuwa amesahau. Kwangu huwa ni chaja, soksi moja, na mara moja cheti chenyewe cha kumaliza kozi, chini ya godoro, alikokiweka kisikunjike. Cheti kipige picha umtumie, chenyewe mpe mratibu akiunganishe na wengine. Soksi nimezifunga kwenye mfuko mmoja juu ya kabati. Kila mwaka anayekuja mpya namwonyesha, achague kama ipo yenye pacha.